Miguu ya Tandu Huwa Witiri

Enzi zile Azimio la Arusha lilipokuwa likisomwa kwenye kila mkutano, mtu wa Tabora aliyetaka kofia ya viua ya kuswalia Idi aliambiwa aende Mtendeni, akaulize nyumba ya Twalibu fundi baiskeli. Akifika asimsumbue Twalibu. Aliyetakiwa alikuwa mkewe.

Mkewe aliitwa Mwanamkuu binti Mabruki. Babu yake alitoka Manyema na msafara wa pembe, mzigo begani, akafika Tabora homa imempanda mpaka hajijui. Wenzake wakamngoja siku tatu, ya nne wakashika njia ya pwani. Alipopona hakuona sababu ya kuwafuata. Akaoa, akajenga, akazikwa hapohapo, na Mwanamkuu alizoea kusema kwamba kwao ndiko peke yake duniani watu wanakoishukuru malaria.

Mwaka wa sabini na tatu Mwanamkuu alikuwa na miaka arobaini na miwili. Hakujaliwa mtoto. Jambo hilo lilikuwa limemliza ujanani, halafu likachoka lenyewe, kama mvua inavyochoka. Alibaki na mume aliyempenda, na kazi aliyoijua: kutoboa kitambaa cha bafta kwa sindano nene na kukizungushia kila kitobo uzi, kiua baada ya kiua, mpaka kofia nzima ijae matundu madogo yaliyopangwa sawasawa. Kofia moja ilimchukua miezi miwili. Wanawake wenziwe wa rika lake walikuwa wamekwisha kuanza kuipeleka sindano mbali na uso ili waione. Yeye bado aliiona karibu.

Uzi aliununua kwa Nanji. Siku moja ya Desemba, mvua za kwanza zimekwisha kulainisha ardhi, aliingia dukani akamkuta mke wa Nanji, Dolatbai, amesimama kaunta uso umemkunjamana.

"Nenda ukaone mwenyewe huko nyuma," Dolatbai alisema kabla ya salamu. "Binti yangu kasoma chuo kikuu, anafundisha sekondari, na baraza yangu kaijaza wadudu. Chai siwezi tena kunywa pale."

Mwanamkuu akapita uani. Gulzar, binti wa Nanji, alikuwa ameinamia hadubini, vichupa vya spiriti vimejipanga mbele yake kama askari. Alifundisha elimu-viumbe katika shule ya wasichana, na wakati wa likizo alikuwa akifanya utafiti wa shahada yake ya pili. Alipomwona mgeni akajifuta macho haraka.

"Shikamoo Bi Mwanamkuu."

"Marahaba mwanangu. Spiriti ndiyo inayokuliza, au kuna jingine?"

Gulzar akacheka kidogo. Akamwonyesha kilichokuwa sahanini: tandu mwembamba kama uzi wa kushonea viatu, rangi ya manjano iliyofifia, mrefu kama kidole. Hakuwa yule tandu mnene wa kwenye mawe ambaye watu humkimbia. Huyu alikuwa wa udongoni, hana macho, anapita katika nyufa ambamo hata maji hupita kwa shida. Tabora walikuwako kila mahali, na hakuna aliyejishughulisha nao.

"Kila pingili ina jozi moja ya miguu," Gulzar alisema. "Kazi yangu ni kuhesabu jozi. Vitabu vyote vinasema tandu hawa jozi zao huwa witiri, hazitoki shufwa kamwe. Arobaini na tisa, hamsini na tano, hamsini na saba. Mimi tangu asubuhi huyu ananipa hamsini na nane. Na jana wengine watatu walinipa shufwa. Ama vitabu vimekosea, ama mimi sijui kuhesabu."

"Mungu ni mmoja, apenda witiri," Mwanamkuu alisema. "Nipishe nimwone."

Akaketi. Mwanzo aliona giza na kope zake mwenyewe. Gulzar akamgeuzia kioo, mwanga ukaingia, na mdudu akafunuka mbele yake, mkubwa kama barabara. Mwanamkuu akashika sindano, akaanza kugusa jozi moja moja kama anavyogusa viua akitafuta kilichorukwa. Hakuharakisha. Dukani Dolatbai alisikika akimpimia mtu sukari.

"Hamsini na saba," Mwanamkuu alisema mwishowe.

"Mimi nimepata hamsini na nane mara nne!"

"Umeihesabu hii ya mbele. Tazama ilivyopinda kuelekea kinywani, ina ncha kama ndoano. Mwenye mguu huu hatembei nao, mama. Anakula nao."

Gulzar akatazama. Kisha akajipiga kipaji cha uso kwa kiganja. Zilikuwa ni zile kucha za sumu, ambazo yeye mwenyewe aliwafundisha wanafunzi kuzichora ubaoni, lakini kwa mdudu mdogo namna ile zilikuwa zimejibanza zikaonekana miguu. Akawachukua wale watatu wa jana, wakawahesabu pamoja. Wote wakaja witiri.

Basi wakapatana. Mwanamkuu angekuja asubuhi tatu kila juma. Sharti lake lilikuwa moja tu, apewe maji ya kutosha ya kunawa spiriti kabla ya adhuhuri. Dolatbai akatoa birika zima, na kwa kuwa sasa barazani kulikuwa na mtu wa kuzungumza naye, chai yake nayo ikarudi.

Likatokea tatizo ambalo hakuna aliyelifikiria. Gulzar alimpa karatasi aandike hesabu, na Mwanamkuu akaandika vizuri, mstari umenyooka, kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa chuo cha Kurani utotoni. Herufi za shule hakuzijua. Gulzar alizitazama tarakimu zile kama mtu anayetazama nyayo za ndege.

"Mimi sijui kusoma hii," alisema kwa aibu.

"Na mimi sijui kusoma yako. Tuko sawa."

Kila mmoja akamfundisha mwenzake. Gulzar alizishika tarakimu kwa siku mbili. Mwanamkuu akaenda kujiandikisha kisomo cha watu wazima, kilichofanyika alasiri kwenye darasa la shule ya msingi, akakaa dawati moja na muuza samaki na mama mmoja mpika maandazi. Walisoma juu ya pamba na choo bora. Yeye nyumbani alijisomea vibandiko vya vichupa.

Ndivyo alivyojifunza namna wataalamu wanavyowapanga viumbe. Spishi alielewa upesi: wanaozaana wao kwa wao. Jenasi ikamtatiza.

"Jenasi ni kundi la spishi zilizo karibu," Gulzar alimweleza. "Zilitoka mahali pamoja zamani. Zinafanana kwa mambo ya ndani, si kwa ukubwa wala rangi."

Mwanamkuu alifikiri huku akikunja kitambaa. "Huo ni mlango," alisema. "Sisi twasema ukoo mmoja, milango mingi. Babu ni yuleyule, lakini kila mlango una sura yake. Watu wa mlango wangu, mfupi kwa mrefu, wote sikio hili limeshikana na shavu. Ukitaka kutujua usitazame kimo, tazama sikio."

"Ndiyo," Gulzar alisema polepole. "Tunatafuta sikio la tandu."

Tangu hapo barazani pale jenasi ikaitwa mlango.

Mtaani maneno hayakukosa. Wifi yake Batuli, dada wa Twalibu, alikuja jioni moja mtandio umemwanguka kwa haraka. Akasema watu wa kisimani wanauliza mke wa kaka yake anafuga nini kwenye vichupa, na kwa nini anaokota wadudu mahali watu wanapochimba misingi ya nyumba. Twalibu alikuwa amepindua baiskeli uani, anainyoosha rimu. Hakuinua kichwa.

"Waambie anahesabu miguu," alisema. "Mimi nahesabu spoku. Kama kuhesabu ni uchawi, basi na mimi waniogope, maana nimeanza zamani kuliko yeye."

Batuli akaguna. Mwanamkuu akamkaribisha uji. Alikuwa ameumia kidogo, lakini maneno ya mumewe yalimtuliza, na kwa kuwa Batuli alikuwa mtu wa kusambaza habari, kesho yake kisima kizima kilijua habari za spoku wakacheka.

Mwezi wa tatu, mvua zikielekea kupungua, jambo kubwa likatokea, ingawa mtu aliyepita barabarani asingeliona. Kulikuwa na chupa moja yenye tandu thelathini na mmoja kutoka Cheyo, waliokusanywa nyuma ya zizi la mbuzi. Gulzar alikwisha kuwatazama vichwa na mikia, akaandika kwa wino kwamba wote ni wa mlango mmoja, akataja jina lake la kitabuni. Kazi ya Mwanamkuu ilikuwa kuhesabu tu. Lakini alipokuwa akimlaza mmoja chali, jicho lake likanasa tumboni. Kila pingili, upande wa chini, ilikuwa na vitobo vidogo mno, ambavyo mdudu hutolea ute wake. Kwa huyu vilikusanyika katikati, duara moja. Akamlaza mwingine. Duara. Wa tatu, vitobo vilikuwa mafungu mawili, kulia na kushoto, katikati peupe.

Moyo ukampiga kama alivyosikia siku ile, akiwa msichana, mama yake alipomwachia kofia ya kwanza aishone peke yake. Viua! Aliwalaza wote. Alipomaliza alikuwa na sahani mbili: kumi na tisa huku, kumi na wawili kule.

Gulzar aliporudi kutoka shuleni amechoka, akaziona sahani zile, uso ukabadilika.

"Nani amewatenganisha hawa? Nimekwisha kuwaandika!"

"Mimi. Hawa si mlango mmoja."

"Bi Mwanamkuu, kitabu kinasema ni mmoja. Vitobo hubadilika mdudu anapokua. Tafadhali, wewe hesabu miguu, hayo mengine niachie mimi."

Lilikuwa neno kali, na lilitoka kwa mtu aliyemwona Mwanamkuu akinunua uzi tangu yeye anatambaa. Mwanamkuu aliisikia damu ikimpanda masikioni. Angeweza kuvaa kanga yake akaenda zake. Badala yake alivuta kiti cha pili.

"Kaa kwanza, mwanangu. Sisemi kitabu kimekosea. Nasema aliyekiandika hakuwaona hawa wa Cheyo. Kama ni utoto na ukubwa, mbona katika hawa kumi na wawili yumo mdogo kuliko wote, na yumo mkubwa kuliko wote, na viua vyao ni vilevile?"

Gulzar alikaa, akatazama. Alitazama wa kwanza, wa tano, wa kumi na mbili. Dolatbai alileta chai, ikapoa. Mwishowe Gulzar akaondoa jicho kwenye hadubini, akaishika mikono yote miwili ya Mwanamkuu.

"Nisamehe," alisema. "Sikupaswa kusema vile."

"Yamekwisha. Sasa tufanyeje?"

Wakaamua kuwapeleka kwa mzee mmoja wa makumbusho ya huko Ulaya, mtaalamu wa tandu, aliyekuwa akijibu barua za Gulzar tangu chuo kikuu. Ilibidi waambatanishe picha za vitobo. Gulzar alichora mara tatu, zote zikaharibika. Mwanamkuu akaenda nyumbani, akakata vipande viwili vya bafta, akashona pingili moja ya kila namna, kitobo kwa kitobo, kama alivyoviona. Siku nne zilimtosha. Vichupa, barua na vipande vile vya kitambaa vikafungwa kwenye kisanduku kimoja, vikaenda.

Miezi ikapita bila jibu. Kiangazi kikaingia, tandu wakazama chini kabisa ambako jembe halifiki, na Mwanamkuu akarudia kofia zake. Hakuhangaika. Alishona, alikwenda kisomo, alimpikia Twalibu mlenda wa karanga anaoupenda. Lakini kila alipopita posta alijikuta amepunguza mwendo.

Mvua ziliporudi, Gulzar akataka udongo wa pori jipya, lililolimwa kwa mara ya kwanza. Kigwa, mwendo mfupi kwa treni, kulikuwa na kijiji kipya cha ujamaa. Watu walikuwa wamehamia mwaka ule kutoka mashamba yao ya mbalimbali, nyumba zao zimejipanga kwa mstari. Wakashuka stesheni asubuhi, vikapu mkononi. Mwenyekiti wa kijiji, Masolwa, aliwapokea.

"Mwangaluka," Mwanamkuu alimsalimu kwa Kinyamwezi, na Masolwa akaitikia kwa furaha, kisha akasikia wanachotafuta, furaha ikakatika.

"Tandu wembamba? Hao ndio adui zetu! Njooni muone."

Akawapeleka kwenye shamba la pamoja la karanga. Nusu ya mbegu zilikuwa hazijaota. Ukifukua, unakuta mbegu imeliwa ndani limebaki ganda, na kando yake, mara nyingi, tandu wa udongo amejikunja. Kijiji kilikuwa kimeazimia. Kila kaya ilitakiwa kuleta kopo la tandu waliokufa kila Jumamosi, na kando ya shamba palikuwa na moto mdogo ambapo walichomwa.

Gulzar alifungua kinywa aanze kueleza. Mwanamkuu akamgusa kiwiko. Aliwaona watu walivyochoka, watu waliohama, waliojenga upya, wasiotaka kuambiwa na mgeni kwamba hata adui wao wamemkosea.

"Mwenyekiti," alisema, "mimi si mkulima, ni mshona kofia. Niazime sufuria tatu na udongo wa hapahapa. Tulale siku mbili, tuone nani anakula nini."

Masolwa akakubali, nusu kwa udadisi. Mkewe Koleta akatoa sufuria. Katika ya kwanza wakatia mbegu za karanga na tandu watano. Katika ya pili, mbegu za karanga na wale majongoo wadogo wa kahawia, ambao nao walikuwa tele shambani lakini hakuna aliyewatilia maanani, kwa kuwa jongoo ni mpole, hana sumu, ukimgusa anajikunja. Katika ya tatu wakatia tandu pamoja na mabuu saba weupe wa mlemle shambani. Wakafunika kwa nguo, Koleta akaziweka kwenye kona ya jiko akazilinda dhidi ya kuku.

Siku ya tatu asubuhi watu walijaa uani kwa Masolwa. Mwanamkuu akamwaga sufuria ya kwanza juu ya ungo: karanga nzima, zimeanza kuchipua. Akamwaga ya pili. Mbegu zilikuwa zimetobolewa, na ndani ya mojawapo jongoo alikuwa bado amelala kama mtu aliyeshiba. Akamwaga ya tatu. Tandu walikuwako. Mabuu saba walikuwa wamebaki wawili.

Koleta akacheka kwa sauti kubwa.

"Tumekuwa tukimfunga askari, tunamwacha mwizi!"

Masolwa aliinama, akaokota jongoo na tandu, akawaweka kila mmoja kiganja chake. "Hebu nionyeshe tena tofauti yao," alisema. Mwanamkuu akamwonyesha: huyu jozi moja kwa kila pingili, yule jozi mbili, na huyu ana ndoano mdomoni, yule hana. Masolwa akawaita watu waje mmoja mmoja watazame. Moto wa kando ya shamba ukazimwa siku ileile. Wakapanga marundo ya majani mabichi pembeni mwa shamba, majongoo wakaingia humo kutafuta unyevu, na kila alfajiri watu wakayainua na kuwakusanya. Walipanda upya. Mavuno ya mwaka ule hayakuwa ya kutangazwa redioni, lakini Koleta alimtumia Mwanamkuu gunia dogo la karanga kwa treni, na ndani yake alitia pia kopo lililojaa tandu hai, zawadi kwa mwalimu.

Jibu la Ulaya lilikuja kabla ya mavuno hayo, mwezi wa pili. Gulzar alikuja nalo mbio mpaka Mtendeni, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akalisoma uani kwa Twalibu huku akitafsiri. Wale kumi na tisa walikuwa wa mlango uliojulikana. Wale kumi na wawili walikuwa wa mlango mwingine kabisa, ambao mzee yule alikuwa ameuona mara moja tu maishani, kwa mdudu mmoja aliyeletwa kutoka upande wa Kongo akiwa hana kichwa. Sasa kwa mara ya kwanza alijua mlango ule una kichwa cha namna gani. Aliomba aongezewe wengine. Mwishoni aliandika kwamba vile vipande vya kitambaa havirudishi, anaomba radhi, amevitundika juu ya meza yake.

"Ameiba kazi yako," Twalibu alisema kwa uchungu wa kujifanya.

"Mwache avitazame," Mwanamkuu alisema. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye gurudumu.

Gulzar alipata shahada yake, akachukuliwa kufundisha chuo kikuu Dar es Salaam. Alimwita Mwanamkuu akafanye naye kazi huko, na Mwanamkuu akaenda kujaribu mwezi mmoja. Aliheshimiwa, alipewa kiti chake na hadubini yake. Lakini udongo wa kule ulikuwa mchanga mtupu, joto halikumwacha alale, na alimkumbuka Twalibu kwa namna aliyoona aibu kuisema. Shule ya wasichana ya Tabora ilikuwa inataka msaidizi wa maabara anayejua kusoma na kuandika, na cheti cha kisomo alikuwa nacho. Gulzar mwenyewe akamwandikia barua ya kumpendekeza.

Treni ilimfikisha Tabora asubuhi, mvua ya usiku bado imetuama kwenye reli. Twalibu alikuwa amesimama jukwaani na baiskeli aliyoiazima kwa mteja, kapu limefungwa nyuma kwa ajili ya mizigo.

"Umerudi kabisa, au umekuja kunisalimia?" alimuuliza.

"Nimerudi kabisa. Jumatatu naanza shuleni."

Twalibu akalifunga sanduku lake kwenye kapu, akaivuta kamba mara mbili kuhakikisha. Alimweleza kwamba amepaka chokaa chumba cha mbele, na kwamba Batuli amepika wali kwa nazi ya kuletwa kutoka Kigoma, yuko nyumbani anawangoja. Wakatoka stesheni wakitembea polepole, yeye akisukuma baiskeli, mkewe akiwa pembeni viatu mkononi kwa sababu ya matope.